Nani alikuwa kwenye swichi?

Mtoto amesimama juu ya kitanda cha deka, kile cha juu, shingo imepinda manake kichwa kinagusa mabati, na anapuliza balbu. Anapuliza kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Chini yake kuna vijana kama wanane, mmoja anahesabu. "Mbili... puliza vizuri wewe!... tatu..."

Hapo ndipo ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ilikuwa Ijumaa jioni kwenye mesi ya shule yetu, huku upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, meza zimesukumwa ukutani, shuka jeupe limetundikwa pale wanapopakulia posho, projekta tumeazima kanisani. Filamu ya dakika kumi na moja. Watoto wangu wa klabu ya drama waliiandika wenyewe, wakaicheza wenyewe, wakaishuti na Tecno yangu, na lengo lilikuwa moja tu, wenzao waone jinsi uonevu wa bwenini unavyouma. Na pale panapouma kuliko pote ndipo shule nzima inacheka mpaka wengine wanapiga meza.

Na mimi nilicheka.

Wiki sita sasa nageuzageuza hii kitu kichwani. Nimeanza kuiandika mara tatu nikafuta. Leo naimaliza hata kama itatoka vibaya.

Mchezo wa taa

Mliosoma bweni mnaujua. Mgeni wa S.1, yaani kidato cha kwanza, anaambiwa taa ya hapa inazimwa kwa kupuliza, apande juu apulize. Mlangoni kuna mtu amesimama kwenye swichi. Mgeni anaachwa apulize mpaka kichwa kinamzunguka, alafu yule wa swichi anabonyeza, taa inazima, bweni zima linashangilia, na mgeni anaambiwa haya, sasa iwashe.

Kuna wengine waliambiwa wapime uwanja wa mpira kwa kijiti cha kiberiti. Mimi ni mmoja wao. Nilifika kijiti cha mia na kitu, magoti yamejaa vumbi, prefekti mmoja akapita akaniambia nirudi darasani. Hiyo stori nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye stafurumu, kila mahali, na huwa naisimulia vizuri, watu wanacheka.

Ile nyingine sijawahi kuisimulia.

Mwaka 1999 nilikuwa S.2, na kitanda changu kilikuwa cha kwanza mlangoni, upande wa swichi. Hakuna aliyenichagua. Mtu mmoja aliniambia tu "wewe, kaa hapo," nikakaa. Tangu hapo, kila mgeni akipandishwa juu, mkono wa ukutani ni wangu. Sikumpiga mtu, sikumtukana mtu, sikuchukua sukari ya mtu, na kwa miaka yote hiyo ungeniuliza kama nimewahi kuonea mwenzangu ningekuapia kwamba hapana, mimi nilionewa, si unakumbuka stori ya kiberiti?

Kuna mmoja alikuwa na blanketi lenye picha ya chui. Jina limenitoka. Muhula uliofuata hakurudi. Sisemi ni kwa sababu ya taa, siku hizo watoto walikuwa wanakosa karo na kupotea kila muhula. Lakini blanketi nalikumbuka mpaka sehemu iliyochanika.

Mtu lazima afe

Kabla hamjafikiri kwamba mimi ndiye niliyewapa watoto hiyo sini, hapana. Ilitoka kwao.

Mwanzo tulikaa chini ya mwembe na madaftari nikawaambia kila kikundi kilete stori moja ya uonevu. Walioonewa kwenye hizo stori walikuwa watano na wote walikufa. Mmoja alikunywa dawa ya panya, mmoja aligongwa na trela kwenye barabara ya Malaba, mmoja akafa alafu akarudi kama mzimu kumtafuta prefekti. Sijui tumewalisha nini hawa watoto, yaani bila jeneza kwao hiyo sio drama. Nikawaambia mtu akishakufa kesho hakuna cha kubadilisha, leteni kitu mlichokiona kwa macho, wiki hii, hapa. Kimya. Alafu kijana mmoja wa S.2, kwa sauti ya chini, akasema, "Kuna ile ya balbu."

Zaidi ya miaka ishirini na mitano na mchezo haujabadilika hata neno moja. Balbu ndiyo imebadilika, sasa ni zile nyeupe zisizochoma.

Kushuti kwenyewe ni stori nyingine. Mvua kwenye mabati ilimeza sauti siku mbili mfululizo ikabidi maneno tuyarekodi upya ndani ya stoo ya magodoro. Mbuzi wa mpishi ameonekana kwenye shoti tatu. Lakini kitu kilichonisimamisha ni lugha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hio filamu ni ya Kiswahili, na wanafunzi wangu wengi Kiswahili wamekianza S.1 tu kwa sababu mtaala umesema. Wanakwama kwenye kila sentensi. Isipokuwa mmoja. Yule aliyecheza mbabe wa bweni alikuwa anakimwaga bila hata kuangalia daftari: panda juu, simama, funga mdomo, nani amekuambia ushuke, lala chini. Hakuna ngeli hata moja iliyomshinda. Nikamuuliza umejifunzia wapi, akanishangaa. "Ticha, si ndivyo wanavyoongeaga?"

Wanavyoongeaga nani, hakusema, na hapa Uganda hatuhitaji kuambiana. KAR, lile jeshi la mkoloni, Amin na tangazo lake la 1973 la kukifanya lugha ya taifa, roadibloku za wanajeshi. Bibi yangu alikuwa akisikia Kiswahili kinaongelewa barabarani anaita wajukuu ndani. Katiba ilikipa cheo cha lugha rasmi ya pili mwaka 2005, baraza la mawaziri likasisitiza tena 2022, na mimi nakula mshahara wake, lakini ukimwambia mtoto wa hapa atunge mtu katili kwa Kiswahili hana haja ya kufikiri.

Na yule mpuliza balbu? Skripti ilimwandikia aombe msamaha kwa Kiswahili. Siku ya kushuti, yuko juu pale anapuliza, akasahau kila kitu, akaomba kwa Dhopadhola, lugha ya mama yake. Nikasema simamisha, Kiswahili tafadhali. Akarudia, ikatoka kama anasoma tangazo la kanisani. Basi nikaiacha ile ya kwanza. Niliona ndiyo shoti bora kuliko zote, nikajisifu kabisa, nikasema hapa hata mwenye moyo wa jiwe ataguswa.

Hapo ndipo walipocheka zaidi.

Sekunde nne

Filamu iliisha kama mnavyotegemea. Hedimasta anaita asembli, mbabe analia, anafukuzwa, mpuliza balbu anakuwa wa kwanza darasani. Taa zikawashwa, nikasimama mbele, nikauliza, haya, tumejifunza nini?

"Uonevu ni mbayaaa, ticha!"

Wote kwa pamoja, na wale wa meza za nyuma waliokuwa wanajishika mbavu nao pia.

Nikawa naanza kushukuru kanisa kwa projekta, mkono mmoja ukapanda. Msichana wa S.1, wa kutwa, hajawahi kulala bwenini hata usiku mmoja. Akasema, "Ticha, balbu haizimiki kwa kupuliza. Nani alizima taa?"

Watu wakamcheka. Huyu naye! Lakini akabaki amesimama anangoja, na kwa upande wangu wa kushoto mshutaji wetu, kijana mwaminifu kupita kiasi, akajibu bila kusimama, "Tulishuti mkono, ticha akautoa."

Ni kweli.

Ile shoti ilikuwepo. Mkono wa mtoto, karibu sana, kidole kiko juu ya swichi na hakibonyezi. Kinangoja. Nyuma yake unasikia hesabu. Sekunde nne. Nilikuwa nahariri usiku kwenye simu, filamu inakaribia dakika kumi na nne na niliwaambia watoto isizidi kumi na mbili, nikawa nakata huku na huku, na nilipofika pale nikakata bila kufikiri mara mbili. Nilijiambia inapunguza kasi.

Inapunguza kasi! Nimeacha mbuzi mara tatu.

Basi ule usiku sikulala vizuri. Nimewahi kusoma kazi ya watafiti wa Kanada, ilitoka mwaka 2001, waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule kwa kamera na vipaza sauti bila kuwaingilia. Karibu mara tisa katika kumi mtoto anapoonewa, kuna watoto wengine wapo wanaangalia. Wanaoingilia kati ni wachache, kama mara moja katika tano. Lakini mtoto mwenzao akiingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu unakatika ndani ya sekunde kumi. Kumi tu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwafikiria wale wanaotazama. Sikujiweka humo, manake mimi sikuwa natazama, nilikuwa na kazi ya kufanya.

Filamu yetu ilikuwa na mbaya mmoja na mwema mmoja, na vijana saba katikati ambao kamera iliwapitia kama fanicha. Ukumbi uliojaa hao saba ulikaa kuitazama na haukujiona popote. Sasa kwa nini wasicheke? Mchezo wenyewe unachekesha, umetungwa uchekeshe, na tuliushuti vizuri.

Joker wa Tororo

Kuna Mbrazili anaitwa Augusto Boal, alifariki 2009, niliwahi kufundishwa habari zake chuoni nikazijibu kwenye mtihani nikazisahau. Yeye alichoka na tamthilia inayomkalisha mtu, inamliza, inamrudisha nyumbani ameridhika. Akafanya hivi: mchezo unaishia pabaya, alafu unarudiwa tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote ana ruhusa kupiga kelele "simamisha!", akapanda mwenyewe jukwaani akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Wanaobaki jukwaani wanambana kama maisha yanavyobana. Na katikati ya jukwaa na watu kuna mmoja anayeuliza maswali na kuchokoza. Boal alimwita Joker.

Nilipokumbuka hilo jina nilicheka peke yangu kwenye boda. Joker! Sisi tunao mtaa mzima. VJ wetu wa kwenye vibanda vya video, ile VJ si ni video joker? Filamu ya Wachina au Wahindi inapita, na yeye juu yake anatafsiri kwa Luganda, anatukana adui, anamwonya stelingi ageuke nyuma, anasalimia watu wa Katwe. Ukikulia kibandani hujui filamu inayotazamwa kimya.

Nina kijana wa S.3 ambaye anaigiza ma-VJ kutwa nzima, ameshaadhibiwa mara ngapi sijui kwa kutafsiri hotuba za asembli. Nikamwita. Nikamwambia Jumatano baada ya masomo uko kazini, na safari hii kwa ruhusa.

Tulifanya kwenye darasa la S.2, watu kama sitini, madawati mawili juu ya mengine mawili ndiyo deka, balbu ya kweli, swichi ya kweli. Hakuna filamu. Sini ile ile, mubashara.

Mara ya kwanza imepita mpaka mwisho wamecheka tena. Sawa. Mara ya pili jitu moja la timu ya mpira likasema simamisha, likachukua nafasi ya mgeni, likagoma kupanda. Mbabe akamwambia basi leo unalala nje. Akafikiri, akapanda. Darasa hoi.

Wa tatu akachukua nafasi ya mmoja wa wanaotazama akamzaba mbabe kofi la kuigiza, shangwe, VJ wetu amepanda juu ya kiti anatangaza pigano zima. Alafu akanyamaza ghafla, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Na kesho usiku, ukienda chooni?" Kijana akarudi kukaa.

Wa nne akakimbia kumwita mwalimu wa zamu.

Fimbo

Hatukuwa tumepanga nani ni mwalimu wa zamu. Mtoto mmoja wa mbele akajitolea. Akasimama, akarekebisha mkanda, akachukua rula ndefu ya ubaoni, na kabla hata hajauliza kuna nini akaanza kuchapa. Akachapa mbabe, akachapa watazamaji, akamchapa na aliyekuja kumwita, "wewe nje ya bweni saa hizi unatafuta nini?" Akamaliza na aliye juu ya kitanda, kwa kuchezea umeme wa shule.

Kicheko hicho sijawahi kusikia. Alafu kikafa chenyewe, na vichwa sitini vikageuka nyuma, tulipokaa walimu. Tulikuwa watatu. Madamu aliyekuwa pembeni yangu akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 inakataza viboko shuleni, kila mwalimu anajua, na kila mwalimu anajua pia fimbo iko wapi. Kuna utafiti ulifanywa wilaya ya Luwero, shule za msingi 42, wakatumia Good School Toolkit, mpango wa shirika la Raising Voices wa kupunguza ukatili shuleni, kwenye nusu ya shule. Baada ya miezi kumi na minane, waliosema wamepigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita walikuwa asilimia 31, na kwenye shule ambazo hazijaanza mpango ni karibu 49. Asilimia 31 kwa wiki moja, na hayo ndiyo mafanikio! Lakini angalieni walianzia wapi. Walianzia kwa watu wazima, walimu, wakuu, wazazi, pamoja na watoto. Sisi tuliwapa watoto simu tukawaambia malizeni uonevu wenu.

Baadaye nikawauliza waandishi wangu, kwa nini kwenye filamu mmeandika hedimasta anaokoa, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuokolewa hivyo? Wakaangaliana.

"Ticha, tulijua wewe ndiye utaisoma."

Imezimika

Ilikuwa karibu na prepu, giza limeshaanza kuingia darasani, nataka kufunga. Kijana mmoja wa S.2, mwembamba, nadhani tangu muhula uanze sijasikia sauti yake zaidi ya "nipo" ya rejista, akasema simamisha.

VJ akamuuliza, nafasi ya nani?

Hakujibu. Akatembea mpaka ukutani akamgusa bega yule wa swichi, akasimama pale.

Mchezo ukaanza. Mgeni akapanda. Mbabe akasema puliza. Akapuliza mara moja, na hesabu haijafika hata mbili, tak, taa imezima.

"Imezimika," akasema. "Shuka ulale."

Mbabe wetu mwenye Kiswahili chote kile akakosa neno. "Washa!" "Imeungua." "Nimesema washa!" "Imeungua, kesho mwambie matroni." Tuko gizani kabisa, nasikia madawati yanalia, mgeni anashuka. Na VJ, ambaye sijawahi kumsikia kimya dakika nzima tangu nimjue, hakutangaza kitu.

Alafu jitu la mpira likasema kutoka gizani, "Bwenini angepigwa yeye."

Ni kweli pia, angepigwa. Tukairudia na hiyo, kengele ya prepu ikatukuta hapohapo hatujapata mwisho, na sitawadanganya kwamba mabweni yetu saa hii ni ya malaika. Wiki iliyopita tu kuna mtoto amemwagiwa maji kitandani.

Balbu

Kuna kitu kingine kinanikera zaidi na sina la kukifanya. Kijana aliyecheza mpuliza balbu, shule nzima sasa inamwita Balbu. Wapishi wanamwita Balbu. Nimeona kwenye ratiba ya usafi prefekti ameandika Balbu, kwa herufi kubwa, kana kwamba ndilo jina la ubatizo. Nimemuuliza mara tatu kama linamuuma, anasema hapana ticha, mimi ni staa. Mara ya tatu akaongeza, "Si ulitaka waikumbuke?"

Huyu alikuja kwangu na jina lake, na mimi kwa filamu ya kupinga uonevu nimempa la utani litakalomfuata mpaka S.6. Nimetazama wale wanaomwita, wengine wanaita kwa mapenzi, wengine sina uhakika. Aliyecheza mbabe hakupewa jina lolote.

Hedimasta anataka filamu iwekwe YouTube na ionyeshwe siku ya wazazi, ameipenda, hasa mwisho wake. Nimemwambia bado haijakamilika. Sekunde nne nimezirudisha, ule mwisho watoto wanauandika upya, na hakuna kinachotoka kwenye simu yangu kabla Balbu mwenyewe hajaamua, na mama yake.

Jumanne tulikaa tena chini ya mwembe kugawa nafasi. Mbabe wanaigombania wote. Mgeni, wamejitokeza wawili. Mtu wa swichi, hakuna. Hata yule mwembamba alitazama viatu vyake. Nikajikuta nawaambia. Mwaka 1999, kitanda cha mlangoni, blanketi la chui, yote. Sijui kama mwalimu anatakiwa kufanya hivyo, mke wangu anasema hapana.

Walikaa kimya kidogo. Nilitegemea waulize yule mtu yuko wapi sasa, au kama niliomba msamaha, nilikuwa nimejiandaa. Balbu ndiye aliyeuliza, na hakuwa na hasira, aliuliza kama mwigizaji anayetaka kujua kazi yake.

"Ulikuwa unaacha hesabu ifike ngapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

Ya yule wa blanketi ilifika arobaini na moja.